Ulimi Mgeni

Nilishuka Dimapur alfajiri, treni imechelewa nusu siku,
nikapanda gari la kukodi hadi Kohima,
na dereva asiyenijua akanisoma kwenye kioo:
"Umekaa Delhi miaka mingapi?"
Sita, nikamwambia.
Akacheka peke yake hadi kona ya tatu.

Shangazi Medongunuo hakuuliza habari za Delhi.
Alinisogezea kigoda karibu na moto,
pale nyama ya nguruwe inaponing'inia katika moshi
tangu kabla ya Krismasi, nyeusi kama soli ya kiatu.
Akapakua wali, mlima mzima,
na ubavuni mwa wali, kwa ncha ya kijiko,
akadondosha chatini:
pilipili moja tu, iliyochomwa jivuni, ikapondwa na dagaa wakavu.
Moja. Ndogo. Imekunjamana kama shavu lililolaliwa.
Sisi huiita mfalme, na hatutanii.

Neilhou, binamu yangu, aliacha kutafuna.
Watoto wawili wa jirani wakasogea mlangoni
kama watu waliosikia kuna ndondi.

Nikamega. Nikala.

Kwanza harufu: ya tunda, karibu ya ua,
nikawaza, kumbe nilikuwa naogopa nini?
Kisha ikaja. Haikuwa na haraka.
Ilikuja kama mwenye nyumba siku ya kodi,
ngazi moja, ngazi moja,
akagonga mdomo, akagonga koo, akagonga masikio
(masikio!)
halafu akafungua kwa ufunguo wake mwenyewe.

Kwikwi zikanishika. Machozi, kamasi, jasho,
vyote vikatoka bila kupanga foleni.
Nikaomba maji; Shangazi akafunika kikombe kwa kiganja.
"Maji humtembeza mfalme. Kula wali."
Nikala wali. Nikalamba chumvi. Nikatoka nje
nikauanika ulimi kwenye upepo wa kilima,
na kuku akanitazama kwa jicho moja,
dharau ya kiumbe anayedonoa pilipili hizohizo
na hasikii kitu.

Niliporudi, sauti imekauka, Shangazi akasema:
"Ulimi wako umekuwa mgeni. Hata salamu hauitikii."

Basi nikawaambia, katikati ya kwikwi,
nilichokificha kwenye simu miaka yote:
kwamba tulikuwa wasichana wanne, chumba cha juu,
na Jumapili moja Khriesinuo akapika akhuni,
soya zetu zilizovundikwa hadi zikapata ulimi.
Tulifunga madirisha. Tuliziba mlango kwa taulo.
Harufu ikashuka ngazi ikatuchongea.
Pilipili asiyoila ikamwasha mwenye nyumba,
akapanda na leso puani,
akaiita sufuria yetu mzoga,
akatuita sisi jina
ambalo sitalileta kwenye moto huu.
Tulihama usiku uleule, sufuria ingali na joto,
Khriesinuo kaipakata kwenye teksi kama mtoto mgonjwa.
Tangu hapo nikapika dengu.
Dengu. Miaka minne, dengu,
chakula kisicho na la kusema kwa jirani yeyote,
mpaka ulimi ukasahau kujibu.

Hakuna aliyetamka neno. Ukuni ukapasuka.
Neilhou akafuta macho, akasema ni moshi.
Shangazi akachukua kijiko,
akakomba chatini yote iliyobaki, bila kupepesa,
akameza, akanyamaza,
kisha akapiga kwikwi moja kubwa
iliyomtoa paka chini ya meza.

Watoto mlangoni wakaanguka kwa kicheko.
"Ya mwaka huu," akasema, "haina adabu."
Akatwaa nyingine jivuni, akaponda upya,
akanisukumia sahani.

Nikamega tena, ukubwa wa kucha ya mtoto mchanga.
Iliwaka. Nikakaa nayo.

Saa nane za usiku tumbo likanikumbusha
kwamba mfalme huingia kimya
lakini hutoka kwa maandamano,
nikakimbia gizani, peku, baridi ya Kohima ikinitafuna miguu,
nikicheka, nikilaani, kwa lugha yetu,
kila neno likija lenyewe.